Coraline: katuni iliyonitisha mimi kuliko mwanangu

Mimi mpenzi wa katuni toka zamani, ila nilizoea zile za wanyama kuimba imba na kuchekesha halafu mwisho wote wanapatana. Hii Coraline nimeikuta kwenye flashi aliyonijazia kijana wa laibrari ya muvi hapa mtaani, nikamuuliza hii vipi, akajibu "hiyo ya watoto dada, weka tu". Basi jumamosi usiku nikaweka, mimi na mwanangu wa miaka tisa na mdogo wake wa mitano, na mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Nadhani yule kijana hajawahi kuiangalia.

Maana inaanza tu, hata majina ya waigizaji hayajaisha kupita, unaona mikono ya chuma ambayo vidole vyake ni sindano inamfumua mdoli. Inakata nyuzi za mdomo, inachomoa vilivyomo tumboni, inamgeuza ndani nje, inamjaza upya, afu inamshonea macho ya vifungo. Taratibu kabisa, kama fundi cherehani ambaye mteja wake hana haraka. Damu hamna, kelele hamna, ni kwaya tu ya watoto inaimba maneno yasiyoeleweka ya lugha gani, na mimi hapo tayari nimekumbatia mto.

Stori kwa ufupi, binti na wazazi wake wamehamia Oregon huko Marekani wakitokea Michigan, wamepanga kwenye jumba kuukuu la rangi ya pinki. Wazazi kazi yao ni kuandika katalogi ya mambo ya bustani lakini mama mwenyewe udongo hataki hata kuusikia, na baba macho yako kwenye kompyuta muda wote. Mtoto kaboreka, akaona kamlango kadogo ukutani, mchana ukikafungua unakuta matofali, usiku kanakuwa njia, na ukitokea upande wa pili ni nyumba ileile na mama yuleyule na baba yuleyule ila huku wanapika vizuri, wanamsikiliza, na bustani ukiitazama toka juu imechanua sura yake yeye. Tofauti ni macho, wote wana vifungo vyeusi. Na siku anapotaka kubaki huko moja kwa moja anasukumiwa kiboksi mezani, ndani kuna vifungo, sindano na uzi, na mama anamwambia kwa upole kwamba rangi ya kawaida ni nyeusi, ila akitaka pinki nayo ipo.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini hizi katuni za giza zinapendwa na wakubwa kwa wadogo, kila mtu anaogopa kitu chake. Mwanangu alikuwa anaangalia binti jasiri na paka anayeongea wanapambana na mchawi, alipoona yule mama wa macho ya vifungo, ambaye ndo mchawi mwenyewe, anarefuka na kukonda mpaka miguu inakuwa ya buibui alishangilia kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaogopa zamani, toka kile chakula cha jioni, kuku wa kuoka na mchuzi unaletwa na katreni kadogo juu ya meza, kwa sababu mtu mzima unajua hakuna anayekupa kila kitu bure. Halafu yule mama halisi aliyechoka, anayejibu mtoto bila kugeuza shingo, jamani nyie wenzangu mnaofanya kazi na laptopu nyumbani mtanielewa, unakaa kwenye kochi lako unasemwa na mdoli.

Mama mkwe Kiingereza hajui, lakini alisema palepale "hilo zimwi". Na kweli, ni hadithi zilezile tulizosimuliwa, binti kakataa wachumba wote kaolewa na kijana mzuri wa kung'aa, kumbe zimwi, na zilisimuliwa usiku na hakuna mtu aliyeuliza kama watoto watalala.

Kitu kingine kilichonikamata ni utengenezaji. Hii ni stop-mosheni, yaani midoli halisi inasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na sekunde moja ya filamu ina picha 24, sasa piga hesabu dakika 100. Imetoka 2009, mwongozaji Henry Selick, ndo filamu ndefu ya kwanza ya studio ya Laika. Sura za midoli zilichapwa kwa printa ya 3D, wanabandua mdomo mmoja wanaweka mwingine, na kuna mama anaitwa Althea Crome alifuma sweta za midoli kwa sindano nyembamba mno. Usione ni mbwembwe, sweta ile ni nyuzi kweli na taa inaiangukia kweli, kwa hiyo hata hofu inakuwa ya kushikika. Kuna kijana wa ule upande wa pili anatokea mdomo umeshonwa utabasamu kwa nguvu, zile nyuzi unaziona kabisa, mpaka leo sijaisahau ile sura.

Lawama zipo. Katikati binti anapewa vitu vya kutafuta kimoja baada ya kingine, panakuwa kama gemu, anapata hiki anakimbilia kile, hofu iliyojengwa taratibu inapungua. Na Wamarekani wameipa PG, yaani mtoto aangalie kwa uangalizi wa mzazi, ila mimi nasema chini ya miaka minane subirini kwanza, wangu wa mitano nilimpeleka kitandani mapema baada ya kuniuliza mara mbili kama sindano zinaingia machoni, yule wa tisa alilala fofofo.

Nyota nne na nusu kwangu. Hiyo nusu nimekata kwa ajili ya ule mchezo wa jukwaani, wale bibi wawili waigizaji wastaafu, mmoja mnene anatokea amevaa kama hajavaa, na inachukua muda, na rimoti ilikuwa kwa mama mkwe.