Kuku wa kienyeji au wa kisasa kwa ua wa mjini?

Familia nyingi za Dar zinazotaka kujilisha zenyewe huanza na kuku. Swali ni kuku gani.

Wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na akitunzwa vizuri hukaribia mayai 300 kwa mwaka. Wa kienyeji akifikisha 60, shukuru. Kwa hesabu ya trei, mjadala umeisha.

Ila wa kisasa hula gramu 110 hadi 120 za chakula cha dukani kila siku. Mpe pumba tupu na ukoko wa ugali, mayai yanakata. Tena haatamii, akizeeka unarudi kununua vifaranga. Wa kienyeji anachakura kumbikumbi, anadonoa maganda ya papai, na baada ya siku 21 za kuatamia anatoka na vifaranga nyuma yake. Huko ndiko kujitegemea, ingawa jirani mwenye tuta la mchicha atakugongea geti.

Kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, hakichagui: chanja wote, tone jichoni kila miezi 3.

Mimi ningechukua mitetea wanne wa kienyeji na jogoo mmoja. Anayelenga kuuzia mabanda ya chipsi achukue wa kisasa, lakini apige kwanza hesabu ya chakula.