Pinocchio ya Guillermo del Toro: Uzoefu Wangu wa Kuitazama na Familia Wakati wa Krismasi

Krismasi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, niliketi sebuleni na wanangu wawili, wa miaka 6 na 11, pamoja na mama yangu, tukaitazama Pinocchio ya Guillermo del Toro, iliyotoka Netflix Desemba 2022 na kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka uliofuata.

Hadithi ya kikaragosi wa mbao ambaye pua yake hurefuka anaposema uongo niliijua tangu utotoni. Carlo Collodi, Mwitaliano aliyeanza kuitoa sehemu kwa sehemu katika gazeti la watoto mwaka 1881, aliiandika ili mtoto mtukutu apate adhabu mpaka atii. Del Toro na mwongozaji mwenzake, Mark Gustafson, wameihamishia Italia ya dikteta Mussolini, ambako watu wazima wote wanapiga saluti, na hapo ukaidi wa mtoto ndio unaogeuka kuwa jambo la heshima. Geppetto, mchonga mbao aliyempoteza mwanawe Carlo kwa bomu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, anaukata msonobari ulioota kaburini na kumchonga Pinocchio usiku akiwa amelewa, kisha anamlaumu kwa kutokuwa Carlo. Mama, ambaye naye alimzika kifunguamimba wake, hakusema neno sehemu hiyo yote.

Uzuri wa filamu hii unaonekana kwa macho. Vikaragosi vilisogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, vikipigwa picha moja baada ya nyingine kwa takribani siku 1,000, na Pinocchio ameachwa hivyo hivyo alivyochongwa, bila nguo, akiwa na sikio moja na misumari iliyochomoza mgongoni. Nyimbo hazikunigusa kiasi hicho.

Mzazi mwenye mtoto mdogo ningemwomba asimwache peke yake mbele ya runinga. Filamu ina dakika 117, na kambi ambamo wavulana wanafundishwa vita ilimtisha mwanangu mdogo hata akajificha nyuma ya kiti. Safari nyingine nitamsubiri akue kidogo. Mkubwa aliifuata bila kupepesa macho. Pinocchio hufa zaidi ya mara moja, na kila mara hukutana na Kifo, anayempimia kwa mchanga muda wa kusubiri kabla ya kurudi, muda unaozidi kuwa mrefu.

Binti yangu aliuliza kwa nini Pinocchio anarudi na Carlo harudi. Nikiwa bado natafuta maneno, mama alimvuta karibu akaanza kumsimulia habari za kaka yangu, ambaye jina lake sikuwahi kulisikia likitajwa mbele ya wajukuu.