Rejeta ya Peugeot 504 ya marehemu baba: kubadili kiini Katwe, Kampala

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa: shilingi 450,000 za Uganda, kiini kipya cha shaba (ile sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi) pamoja na ufundi wake, na hapo nikapunguziwa 40,000 kwa kumwachia fundi kiini kikuukuu. Gari ni Peugeot 504 ya mwaka 1979, injini ya 1,971 cc, aliyoniachia marehemu baba hapa Bombo.

Kwa miaka miwili nilikuwa siwezi kwenda Kampala na kurudi bila kusimama njiani. Si mbali, ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini foleni ya Bwaise na Kawempe ikikushika, sindano ya joto inapanda huku unaiangalia. Nikifika Matugga mvuke unatoka, nafungua boneti, vijana wa bodaboda wananizunguka kila mtu na ushauri wake. Dumu la maji la lita ishirini lilikuwa abiria wa kudumu kwenye buti.

Kwenye gari hili mchezo huo ni hatari. Bloku ni ya chuma lakini hedi ni ya aluminiamu. Ukiichemsha mara kadhaa inapinda, na hapo utakuwa unazungumzia hedi gasketi, si rejeta tena. Halafu Kampala iko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Kifuniko kilicholegea, kisichoshika presha, kinatosha kukuumbua. Nilibadili kifuniko kwanza, kisha thamostati. Nafuu ilikuwa ya wiki moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua rejeta ya gari jingine. Duka moja mjini waliniambia, "Itaingia tu, ssebo," yaani bwana. Ikaingia, ndiyo, baada ya kukata vishikio viwili na kupinda mpira wa maji wa chini mpaka ukabanika katikati kama koo la kuku. Ilikuwa ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki, kama za magari ya siku hizi. Haikumaliza mwezi, ikaanza kutoa jasho pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na pale hapalehemeki. Niliporudi dukani jibu likawa moja: umeshaifunga, hairudi. Shilingi 380,000 zimelala stoo hadi leo.

Kosa la pili sikulifanya, lakini nililikaribia. Nilitafuta Ulaya, maana 504 bado ina wapenzi wengi kule. Rejeta mpya na usafiri ikanifikia milioni moja na laki sita, kabla ya ushuru, na kabla ya VAT ya asilimia 18. Gari lenyewe sijui kama lingeuzwa mara tano ya hiyo.

Ndipo jirani, Mnubi mwenzangu ambaye ameendesha malori maisha yake yote, aliponiuliza: "Rejeta ya baba yako umeitupa?" Sikuwa nimeitupa. "Basi unatafuta nini? Matangi ni ya shaba nyeupe, hayo hayafi. Kinachokufa ni kiini. Ipeleke Katwe."

Katwe kila mtu wa Uganda anaijua kwa mafundi wa vyuma: masufuria, majiko, mageti, mashine za kusagia. Mafundi wa rejeta wana kona yao, na utawasikia kwa mvumo wa jiko la moto kabla hujawaona. Niliyempata ni mzee mmoja aliyejifunza kazi Nairobi, Kiswahili chake safi kuliko changu. Alipokea rejeta, akaigongagonga kwa kucha, akaipima uzito mikononi. "Mwanangu, hii imejaa udongo."

Akapasha moto mshono wa tangi la juu mpaka lehemu ikatiririka, akalinyanyua kwa koleo. Tukachungulia wote wawili. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa tope gumu la manjano. Mzee akalikwangua kwa bisibisi, akanusa, akaanza kucheka. "Bizari!"

Huyo ni baba. Kwenye droo ya dashibodi hakukosa kijikaratasi cha bizari, rejeta ikitoboka anatia vijiko viwili na safari inaendelea. Wazee wengi walifanya hivyo. Inaziba tundu kweli, ila haichagui tundu gani. Ukijumlisha na miaka arobaini ya maji ya kisima, chumvichumvi tupu, ndiyo hali niliyoiona.

Swali alilonipa ndilo la kujiandaa nalo kabla hujafika: unataka safu mbili za mirija au tatu? Cha kwangu kilikuwa na mbili. Tatu inapoza zaidi lakini ni nene, na feni ya 504 iko karibu, inazungushwa na injini yenyewe na kushikwa kwa sumaku ya umeme. Nilirudi Bombo kupima. Kiberiti kilipita kati ya feni na rejeta kikiwa kimelala, kikisimama hakipiti. Nikaambiwa tubaki na mbili, ila mapezi yawe ya kubanana. Pima kwako, usikubali tatu kwa sababu tu inasikika vizuri.

Aliniahidi siku mbili. Zikawa sita. Kiini hukatwa kwa kipimo kutoka kwenye kipande kikubwa, na kipande hicho, kwa maneno yake, kilikuwa "njiani". Siku ya nne nilipofika njia ilikuwa bado ndefu, na simu yake haikupokelewa. Hapa namkata alama.

Lakini kazi niliishuhudia. Kwenye bakuli alikuwa na asidi, akatumbukiza vipande vya zinki alivyovikata kwenye maganda ya betri kuukuu za redio. Ikachemka, ikafoka, ikatulia. "Ikinyamaza ndiyo imeiva," akasema, akaanza kupakaza kwenye mshono kwa manyoya ya kuku. Ule moshi usiukaribie. Lehemu ikashika kama maji yanavyoshika kwenye kitambaa. Kisha akaziba midomo ya rejeta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akajaza upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji. Mapovu mawili yakatoka kwenye kona ya kushoto. Akalehemu tena, akazamisha tena, kimya.

Dai kipimo hicho kifanyike mbele yako, tena kabla ya rangi. Wanapenda kupaka rangi nyeusi nzito, na rangi nzito inafunika mshono mbaya na kupunguza upozaji pia. Nilimwomba apulize kidogo sana, akanung'unika kuwa haitang'aa. Na kiini kikuukuu usikisahau pale chini ya benchi: shaba inauzwa kwa kilo, ni pesa yako.

Nyumbani nilisafisha injini kwa maji mpaka yakatoka meupe, nikafunga mipira mipya miwili, nikatia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Si kwa ajili ya baridi ya Bombo, ambayo haipo, ni kwa ajili ya hedi ile ya aluminiamu isiliwe na kutu. Dumu mbili za lita tano zikatosha na kubaki. Injini niliiacha ikinguruma kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa yote ikatoka.

Sasa ni mwezi wa tano tangu kazi hiyo. Nimekwenda Jinja kupitia msitu wa Mabira, nyuma ya malori ya miwa, nikasimama Namawojjolo kula kuku bila kufungua boneti. Sindano inakaa katikati.

Wiki ya tatu niliona tone la kijani kwenye mdomo wa chini. Nikarudi Katwe asubuhi, kabla foleni haijaanza. Mzee hakubishana wala hakutaja pesa. Alifungua, akalehemu, akazamisha kwenye pipa, na baada ya saa moja na nusu nikaondoka. Wakati nawasha gari akainama dirishani kuuliza kama nauza.