Katana ya T10 kutoka Longquan: tunaufungua mpini kabla ya kusifu makali

Watazamaji wetu, karibuni. Upanga ulio mezani leo ni katana, yaani upanga uliopinda wa mtindo wa Kijapani, iliyofuliwa Longquan, mkoa wa Zhejiang, China. Huko ndiko zinakotoka nyingi ya katana zinazouzwa mtandaoni kwa dola 150 hadi 400. Chuma ni T10, aina ya chuma chenye kaboni nyingi, kimezimwa kwa udongo, yaani kilipakwa udongo kabla ya kupozwa ghafla, na makali ni ya kweli.

Najua swali la kwanza: unakata? Unakata. Karibu kila upanga wa bei hii unapasua karatasi siku unapotoka kwenye boksi, kwa hiyo jaribio la karatasi halikwambii mengi. Hatari kubwa iko kwenye mpini, pale chuma kinaposhikana na mti. Leo tunaanzia huko.

Kwanza namna ya kuuchomoa. Makali yatazame juu. Mkono wa kushoto ushike ala karibu na mdomo wake, vidole vibaki ubavuni, visipite upande wa makali. Ala ni vipande viwili vya mti vilivyogundishwa. Makali yakielemea vibaya yanapasua maungio na kukuta kidole. Sukuma kikinga mkono kwa dole gumba mpaka habaki iachie. Habaki ni hili noleo la shaba lililovaa shina la upanga, na ndilo linaloubana ndani ya ala. Kulipima, inamisha ala pole pole juu ya godoro, mpini ukielekea chini. Upanga usiteleze wenyewe. Huu umekaa. Wako ukiteleza, gundisha ubamba mwembamba wa mti ndani ya mdomo wa ala, upande wa mgongo, kisha upunguze kwa msasa mpaka ubane.

Sasa ushike mpini, utikise kidogo, usikilize. Mlio mwembamba wa chuma kwa chuma ni washa za shaba, seppa, zimelegea kwenye kikinga mkono. Hilo ni dogo, linatibika kwa kuongeza washa nyembamba. Ila angalia jambo moja: ukiongeza washa, mpini unarudi nyuma, na tundu la mti haliangaliani tena na tundu la chuma. Usilazimishe kwa nyundo kigingi kinachopita kwenye matundu hayo, utapasua mti. Mlio mzito, wa chuma kugonga mti, ni jambo jingine kabisa. Huo ni upanga wenyewe unacheza ndani ya mpini, na haupaswi kupigwa hata hewani mpaka ufunguliwe.

Kuufungua ni hivi. Kigingi cha mwanzi, mekugi, kina upande mwembamba na upande mnene. Kisukume kutokea upande mwembamba, kwa nyundo ndogo ya shaba na kijiti. Ukigonga upande mnene unakikaza zaidi. Kikishatoka, simamisha upanga, ncha juu, umelala nyuma kidogo, mkono wa kushoto chini kwenye mpini. Piga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia, taratibu. Msuka, ule mkia wa chuma ulio ndani ya mpini, utapanda wenyewe. Usivute kwa kushika bapa.

Tazameni msuka huu. Urefu sentimita 20, ndani ya mpini wa sentimita 27, karibu robo tatu. Vizuri. Ni kipande kimoja na upanga, hauna alama ya kulehemu, na upana wake unapungua kidogo kidogo kuelekea mwisho. Tundu ni duara safi, halina ufa pembeni. Linganisha na panga za pambo: msuka wake ni kijiti cha chuma chenye hesi, kimelehemewa kwenye shina. Ukipiga kitu nao, hapo ndipo panapokatika, na sentimita 70 za chuma zinaruka ovyo chumbani. Tangazo likitaja chuma kisichoshika kutu, 420 au 440, hesabu kwamba ni pambo la ukutani.

Mulika tochi ndani ya mti wa mpini. Hapa ndipo upanga huu unapoteza alama. Upande wa mgongo kuna nafasi, na imezibwa kwa karatasi ngumu. Leo inabana. Ikinyonya unyevu na kukandamizwa itanywea, na mchezo utaanza. Dawa yake ni kutoa karatasi, kugundisha ubamba wa mti mgumu kwenye mti wenyewe, wala si kwenye chuma, kisha kupaka msuka masizi, kuurudisha, kuutoa, na kukwangua mahali masizi yaliposhika. Ni kazi ya mchana mzima kwa mtu mvumilivu. Vigingi viwili, ambavyo wauzaji hujivunia, havifidii mti uliochongwa vibaya. Panga nyingi za kale zina kimoja tu na zimedumu karne kadhaa. Ila kigingi chenyewe kibadilishe. Cha kiwandani mara nyingi ni laini. Chonga kingine kwa mwanzi mkavu, sehemu ya karibu na ganda la nje, ambako nyuzi zimeshonana.

Utepe wa mpini, usukume kwa dole gumba pale kwenye misalaba. Ukihama, vidole vyako vitahama nao katikati ya pigo. Huu umekaza. Na chini yake kuna ngozi halisi ya samaki taa, vile vipele vyake ndivyo vinavyoushika utepe. Plastiki inafanana kwa macho tu.

Tuje kwenye bapa. Urefu kutoka ncha hadi kwenye habaki ni sentimita 71. Uzito bila ala kilo 1.15, na kitovu cha uzito kiko sentimita 13 mbele ya kikinga mkono. Kipimo cha starehe. Kikipita sana 15, ncha itakulemea na kiwiko kitalipa. Upanga una mfereji ubavuni, bohi, unaopunguza uzito na kutoa ule mluzi ukipigwa hewani. Mluzi haupimi ubora. Unatoka kwenye mfereji.

Chungulia kutoka kwenye shina kuelekea ncha, taa ndefu ikiwa mbele yako. Mwanga utembee juu ya mgongo bila kukatika. Ukipinda pembeni, upanga umepindika. Ukiyumba kama maji, msasa ulishikwa ovyo. Kisha zima taa zote ubaki na moja, geuza upanga pole pole. Hamon ya kweli, ule mstari wa ukungu juu ya makali, inatokea na kupotea kadiri pembe inavyobadilika, na ndani yake utaona punje zinazometameta. Huko ndiko chuma kilikopoa haraka kwa sababu udongo ulikuwa mwembamba. Mgongoni udongo ulikuwa mnene, kikapoa polepole, kikabaki laini. Iliyochorwa kwa tindikali au brashi ya waya ni nyeupe sawasawa kila upande unaougeuza. Huu ni wa kweli, ingawa umeongezewa tindikali ili uonekane kwenye picha.

Chukua lenzi upite makali yote, polepole. Unatafuta ufa mdogo unaosimama wima kutoka kwenye makali kwenda juu. Wajapani wanauita hagire. Ukiuona, rudisha upanga. Hautengenezeki, na hata pigo jepesi linaweza kuuvunja.

Sasa, anayeanza anunue huu? Mimi nasema hapana. T10 iliyozimwa kwa udongo hufika ugumu wa karibu 60 kwa kipimo cha Rockwell kwenye makali, na mgongo karibu 40. Ni nzuri mno kuitazama, lakini pigo likienda upande makali humeguka, au mgongo laini hupinda ukabaki umepinda. Mwanafunzi wa kukata achukue chuma cha aina ya 1060 iliyozimwa mwili mzima, au 9260 ambayo hupinda ikarudi. Akate mkeka wa tatami uliokunjwa na kuloweshwa usiku kucha, asiguse mti mbichi. Na hilo neno “chuma kilichokunjwa” lisikuongezee dola hata moja. Wahunzi wa Japani walikunja tamahagane, chuma chao cha jadi, ili kuisafisha na kuifanya iwe sawa mwili mzima. Chuma cha leo kinatoka tanurini kikiwa sawa tayari. Unalipia maua, na kila mkunjo ni nafasi ya kasoro.

Mkusanyaji anayetaka hamon ya kweli kwa bei hii, upanga huu unamfaa, ilimradi autengeneze mpini kwanza.

Utunzaji, hasa kwa walio Mombasa, Tanga, Unguja: hewa ya chumvi haisubiri. Usiguse bapa kwa vidole. Futa mafuta ya zamani kwa pamba na spiriti safi, paka utando mwembamba sana wa mafuta, na uangalie kila baada ya wiki moja au mbili. Mafuta ya jadi ya Japani, choji, yana harufu ya karafuu kwa sababu yana mafuta ya karafuu ndani yake, ila sehemu kubwa ni mafuta ya madini. Usipake mafuta ya karafuu matupu. Uhifadhi umelala, makali juu, usiusimamishe, mafuta yakateremkia mpinini.

Walio Uingereza, tangu 2008 panga zilizopinda zenye urefu wa sentimita 50 na zaidi haziuzwi wala kuingizwa, isipokuwa kwa misamaha kama ile ya zilizofuliwa kwa mikono kwa njia za jadi. Na usiupeleke Japani: upanga wa kiwanda cha China hausajiliwi huko. Kwingineko, uliza forodha kabla ya kulipa.

Kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji picha tatu: msuka ukiwa mtupu, mdomo wa mpini ukimulikwa tochi, na makali yote chini ya taa moja. Akikataa ya kwanza, tafuta muuzaji mwingine.