Kupiga Kambi Bure Kando ya Barabara Chini ya Mlima Moroto: Uzoefu Wangu

Barabara inayotoka mjini Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuelekea Rupa na mpaka wa Kenya huko Lokitanyala hupita chini ya mlima mkavu, wenye mawe na miiba, unaopanda hadi mita 3,083 juu ya usawa wa bahari, na kandokando yake kuna mahali pengi ambapo msafiri anaweza kusimika hema na kulala bila kulipa hata shilingi moja. Nimelala huko wakati wa kiangazi, nikiwa na binamu yangu na rafiki yetu ambaye ni dereva, tukitokea Mbale kwa njia ya Nakapiripirit. Ninaandika haya kwa sababu tangu turudi ninaulizwa mambo yale yale: kama ni bure kweli, kama ni salama, na kama kuna kitu kinachostahili safari ya mbali namna hiyo. Jibu la swali la kwanza ndilo refu kuliko yote.

Ni bure kwa maana ya kwamba hakuna geti, hakuna risiti, wala hakuna anayekuja asubuhi kudai ada ya hema. Lakini si bure kwa maana ya kwamba ardhi ile haina mwenyewe. Huko Marekani kuna milima ya jangwa karibu na miji ambako ardhi ni ya serikali kuu, na kwa kawaida mtu huruhusiwa kupiga kambi kando ya njia hadi siku 14 bila kumwomba yeyote ruhusa. Uganda mambo ni tofauti. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba ardhi ni ya raia, na sehemu kubwa ya Karamoja, yaani eneo hili lote la Moroto na wilaya jirani, inamilikiwa kimila, kwa hiyo kile ambacho mgeni anakiona kama pori tupu ni malisho ya watu fulani, njia ya mifugo yao kwenda majini, au uwanja ambao wazee hukutania. Juu zaidi mlimani kuna msitu wa hifadhi ulio chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na huko si mahali pa kujiamulia kulala. Kwa maoni yangu, anayekwenda Moroto akidhani kwamba bure maana yake ni kutomwona mtu, afadhali abaki nyumbani.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Tulipofika mjini tulipita kwanza kituo cha polisi, tukaeleza tunakotaka kulala na namba ya gari letu, kisha tukaendelea hadi kijijini na kumtafuta mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Yeye ndiye aliyetupeleka kwa mzee ambaye boma lake lilikuwa karibu na mahali tulipopachagua. Mzee alikuwa ameketi chini ya mgunga juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho wanaume wa Kikaramoja hutembea nacho kila waendapo na ambacho usiku hugeuka kuwa mto wa kulalia. Kijana wake, aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza mbuzi mnadani na kuongea na wanajeshi, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

"Mzee, tunaomba kulala hapa chini usiku wa leo na wa kesho," nilimwambia, nikimwonyesha ukingo wa mto mkavu, mahali palipokuwa na mchanga laini na kivuli kizuri.

Mzee alitazama mlimani kwa muda mrefu kabla ya kujibu, na kijana akatueleza: "Baba anasema mtalala, lakini si pale. Maji ya mlima yakija hayapigi hodi. Njooni huku juu, karibu na boma, hata mbwa wakibweka mtasikia na sisi tutasikia."

Ushauri huo peke yake una thamani kuliko kiingilio cha kambi yoyote niliyowahi kulipia. Mito ya Karamoja ni ya mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mtu asiyeijua huiona kuwa kitanda kilichotandikwa tayari, kumbe mvua ikinyesha juu mlimani, hata kama chini hakujadondoka tone, maji hushuka kwa ghafla yakiwa yamebeba mawe na magogo. Kwa hiyo hema lisimikwe juu ya ukingo, mbali na korongo, hata katika mwezi wa Januari.

Kule juu ardhi ni ngumu mno. Vigingi vya hema vilipinda kabla ya kuingia, tukalazimika kufunga kamba kwenye mawe makubwa na kuyazungushia mawe mengine madogo ili yasiteleze. Hema lenyewe tulikuwa tumelikodi katika duka moja la Kampala ambalo silitaji hapa. Lilipewa sifa nyingi sana dukani, lakini zipu yake ya mlango ilikatika usiku wa kwanza na moja ya fito zake ilikuwa imepasuka na kufungwa utepe tangu zamani. Kwa safari ya ziwani kasoro hizo zingevumilika. Chini ya Mlima Moroto hazivumiliki, kwa kuwa wakati wa kiangazi upepo huanza kuvuma usiku kutoka upande wa mlima na haupungui hadi karibu na mapambazuko, ukipenyeza vumbi jekundu kila palipo na tundu. Tulishona mlango kwa uzi na sindano ya gunia. Ninamsihi kila anayekodi hema alisimamishe hapo hapo dukani, afungue na kufunga kila zipu, na ahesabu fito na kamba kabla ya kutoa pesa. Pia usidanganywe na joto la mchana, kwa maana mji wa Moroto wenyewe uko juu ya mita 1,300 na usiku baridi huuma. Blanketi zito au mfuko mzuri wa kulalia ni jambo la lazima.

Kuhusu maji nina msimamo mkali. Karamoja hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na baada ya hapo visima vya pampu hubeba mzigo wa vijiji vizima pamoja na mifugo. Asubuhi tuliwaona akina mama wakichimba kwa mikono katika mchanga wa mto ule ule tuliokatazwa kulala. Shimo lilifika kiunoni, na mama mmoja aliyeingia ndani alikuwa akichota kwa kibuyu kidogo, kila mara akisubiri maji yajikusanye tena, kisha akiyamimina polepole ndani ya jerikeni la njano kupitia kitambaa ili mchanga ubaki juu. Jerikeni moja lilimchukua muda mrefu kuliko sisi tulivyotumia kunywa chai na kufungasha vyombo. Baada ya kuona hivyo, mgeni mwenye gari anayekwenda kujaza maji ya kunawia pamponi anafanya jambo la kuumiza. Jaza majerikeni yako mjini, ukipiga hesabu ya lita 5 kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupika tu, na ongeza jerikeni la akiba ambalo ukiondoka unaweza kuliacha bomani.

Sasa usalama, ambao ndio huwatisha wengi. Jina la Karamoja bado linabeba habari za wizi wa mifugo na bunduki, na habari hizo si za kubuni: wizi ulipamba moto tena kuanzia mwaka 2019, na Julai 2021 jeshi likaanzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote, ili kukusanya silaha. Moroto ndiyo makao makuu ya Divisheni ya Tatu ya UPDF, jeshi la Uganda, kwa hiyo askari utawaona barabarani. Wenyeji tuliozungumza nao walisema kwamba hali imetulia kuliko miaka ile, na sisi hatukupata bughudha yoyote. Hata hivyo kuna mambo ambayo sikubali yapuuzwe. Usisafiri barabara ile baada ya jua kuzama. Usilale peke yako mbali na boma au kambi ya askari. Usipige hema karibu na zizi la ng'ombe wala katika njia yao, kwa maana anayekuja kuiba usiku anafuata ng'ombe, na wewe hutaki kuwa katikati. Ukiambiwa na polisi au na mwenyekiti kwamba wiki hiyo si nzuri, geuza gari bila ubishi. Wazee wa upande huu wanajua kupima amani. Ng'ambo tu ya mpaka ni Lokiriama, mahali ambapo mwaka 1973 Wamatheniko wa Karamoja na Waturkana wa Kenya walizika silaha na kuapa kutopigana, na mapatano hayo bado hutajwa kwa heshima.

Na je, kuna nini cha kuona? Hapa ndipo ninapokosa subira na watu wanaosema kwamba Karamoja ni mawe matupu. Mlima Moroto, pamoja na Napak na Kadam, ni mabaki ya volkeno za kale sana, na katika tabaka zake walichimba mifupa ya Morotopithecus, sokwe wa kale aliyepewa jina la Moroto na ambaye aliishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kutoka mahali tulipolala, jioni jua lilizama upande wa Napak, na miamba ya Moroto nyuma yetu ikabadilika rangi kutoka kijivu hadi nyekundu ya kutu, huku mbuzi wakirudi bomani wakiwa na kengele shingoni. Usiku, kwa kuwa taa za mji zimefichwa na kilima, nyota hushuka hadi kwenye upeo wa macho. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu, na binamu yangu, ambaye alikulia pwani, alitueleza jinsi mabaharia na wakulima wa kwao walivyokitumia kupima majira: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kijana wa mzee alisikiliza kwa makini, kisha akatuonyesha nyota ambazo wachungaji wa kwao hutazama. Mazungumzo hayo yaliendelea hadi upepo ulipotulazimisha kuingia ndani.

Asubuhi jua huchelewa kwa sababu mlima umelikinga, na hilo ni neema, kwa kuwa unapata saa nzima ya ubaridi na mwanga mzuri wa kutembea kabla ya joto kupanda. Watepeth, wanaoishi juu mlimani, hushuka wakati huo na mizigo yao kuelekea sokoni. Baada ya saa mbili asubuhi huanza kupita malori ya mawe ya marumaru yanayotoka machimbo ya Rupa, na kila lori huacha wingu la vumbi linalochukua muda kutulia. Anayetaka utulivu wa mchana mzima hatoupata kando ya barabara hii, na ni vyema alijue jambo hilo mapema.

Tulipikia jiko dogo la gesi, na ninapendekeza kila mtu afanye hivyo. Nyasi za kiangazi hushika moto kwa cheche moja, na kuni zilizobaki karibu na barabara ndizo wenyeji wanazotegemea. Choo ni shimo unalochimba mwenyewe kwa jembe, mbali na korongo, na unalifukia vizuri. Takataka zote zirudi mjini ndani ya gari, hasa chupa na mifuko ya plastiki, kwa sababu mbuzi huila na kufa. Kuhusu shukrani, mzee hakutuomba chochote, nasi hatukutoa pesa. Tulimwachia sukari, chumvi, sabuni na tumbaku, tukayakabidhi mikononi mwake mbele ya mwenyekiti. Watoto wanaokimbilia gari wakinyoosha mikono wasipewe noti. Anayetaka kuwasaidia aulize shule iliyo karibu inahitaji nini.

Gari liwe la kuinuka, na matairi ya akiba yawe mawili, kwani mwiba wa mgunga hupenya raba na hata soli ya kiatu. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge. Simu ilishika mtandao karibu na mji lakini ikawa inapotea kila tulipozunguka kilima, kwa hiyo mwachie mtu ratiba yako kabla ya kuondoka Moroto.

Familia zenye watoto wadogo, katika miezi hii ya upepo, ninazishauri zilale katika nyumba za wageni mjini ambako maji yapo na lango hufungwa, halafu zije mlimani alfajiri na mkeka na chai ya chupa. Sisi wengine tutarudi Desemba, na safari hii tutanunua hema letu wenyewe.