Chipsi na soda au mbaazi za nazi: kipi kitakufikisha jioni?

Chipsi za Mwembe Tayari, Mombasa, hukuita kwa harufu. Mafuta ya moto hukausha uso wa kiazi ukawa mkavu wa dhahabu, chumvi na tomato sosi zikamalizia. Utamu upo, hakuna ubishi. Ila huliwa upesi, sahani ikaisha kabla tumbo halijapeleka habari kichwani. Soda ya mililita 300 huongeza takriban gramu 30 za sukari bila kukupa cha kutafuna. Wala usikilaumu kiazi: katika utafiti wa Sydney wa 1995, viazi vya kuchemsha vilishibisha kuliko vyakula vyote 38 vilivyopimwa, karibu mara tatu ya chipsi.

Mbaazi ni habari nyingine. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina takriban gramu 11 za protini na nyuzinyuzi kiasi hichohicho, hivyo chakula hukaa tumboni. Ziloweke usiku, zichemshe ziive kabisa, ndipo utie tui jepesi. Tui zito mwishoni, moto mdogo, huku ukikoroga lisije likakatika.

Na mahamri manne pembeni, nayo ya kukaangwa? Kula mawili, ongeza mbaazi.