Rola za Mkia wa Trela la Boti: Tathmini ya Kazi ya Karakana Moja ya Mtwapa

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikitumia rola mbili za chuma zilizofungwa chini ya mkia wa trela langu la boti ili ukigusa ardhi ubiringike badala ya kukwaruza, ambazo zilitengenezwa kwa mkono na karakana ndogo ya kuchomelea vyuma iliyoko Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wenye boti za faiba za futi 18 hadi 20, wanaoshusha vyombo vyao katika hori za pwani yetu na ambao wamechoka kusikia chuma kikikwaruza zege kila wanapotoka baharini. Kwangu mimi mkwaruzo huo ulikuwa umekwisha kula zinki yote upande wa chini wa mkia, kutu imeanza, na taa ya kulia ilikuwa imeng'oka pamoja na nyaya zake.

Kabla ya kusema lolote kuhusu rola, ni lazima tuelewane mahali mkwaruzo unapotokea, kwa sababu wengi hulaumu mteremko wenyewe wa zege wa kushushia boti ilhali tatizo liko kwenye kona ya chini. Maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa sana, yanapopwa, bahari hapa hushuka zaidi ya mita 3 kutoka pale ilipojaa, zege huisha na mchanga mtupu huanza. Gari linapoanza kupanda zege, pua ya trela huinuliwa pamoja nalo, lakini magurudumu ya trela bado yako chini kwenye mchanga ulio bapa. Hapo mkia hauna pa kwenda ila kuinama na kugusa ardhi.

Hesabu yake ni nyepesi na haihitaji fundi. Mteremko ninaoutumia hushuka sentimita 12.5 kwa kila mita, kipimo nilichokipata kwa ubao wa mita moja na pimamaji. Kutoka ekseli (mhimili wa magurudumu) hadi ncha ya mkia wa trela langu ni mita 1.8, kwa hiyo mkia unahitaji nafasi ya sentimita 22.5 kutoka ardhini ili upite bila kugusa. Nilipopima boti ikiwa juu ya trela na trela likiwa limeunganishwa na gari, nilipata sentimita 20 tu, na hapo sijahesabu magurudumu yanavyozama kwenye mchanga uliolowa.

Nilipowapelekea vipimo hivi, mafundi wa karakana hiyo walinipa ushauri ambao nauthamini kuliko rola zenyewe. Waliona kwamba pikapu yangu imeinuka juu mno kwa trela lile, na kwamba pua iliyoinuliwa kupita kiasi ndiyo iliyokuwa ikiushusha mkia hata barabarani. Walitengeneza bamba la kushusha kichwa cha kuunganishia kwa sentimita 14. Kwa kuwa kutoka kichwa hicho hadi ekseli ni mita 4.2, mkia ulipanda sentimita 6 papo hapo. Wangeweza kunyamaza na kuniuzia kazi kubwa zaidi, lakini hawakufanya hivyo. Atakayefuata njia hii akumbuke kulipandisha kabisa lile gurudumu dogo la mbele la trela kabla ya kurudi nyuma, kwani pua ikishushwa, gurudumu hilo ndilo linaloweza kugonga ukingo wa juu wa mteremko.

Mwanzoni nilifikiria pia kuhamisha ekseli kutoka juu ya springi hadi chini yake, jambo ambalo lingeinua fremu yote kwa takriban sentimita 9. Niliacha, kwa sababu boti nayo ingepanda kwa kiasi hicho hicho, na kwenye mteremko kama wetu ningelazimika kurudi nyuma karibu sentimita 72 zaidi ili ielee. Magurudumu ya nyuma ya pikapu yangekuwa ndani ya maji ya chumvi kila safari.

Sasa rola zenyewe. Jozi ya kwanza ilikuwa ya kipenyo cha sentimita 10 na upana wa sentimita 5, na kwenye zege ilifanya kazi vizuri sana: pale palipokuwa na kelele ya kukwaruza, mkia uliteleza kimya. Kwenye mchanga hali ilikuwa tofauti kabisa, kwani rola nyembamba ilizama ikachimba mfereji kama jembe la plau, na gari likashindwa kuvuta. Nilizirudisha, na karakana ikatengeneza nyingine zenye upana wa sentimita 15 bila kudai malipo zaidi ya bei ya bomba la chuma. Hizi hazizami kwa urahisi, na ndizo ninazozipendekeza kwa yeyote anayefika mwisho wa zege.

Jambo moja nililazimika kulisimamia mwenyewe. Fundi alitaka kuzichomelea moja kwa moja kwenye fremu, nikakataa, kwa kuwa moto huunguza zinki inayoilinda fremu na moshi wake una madhara kwa anayeuvuta. Tulikubaliana kutumia yu-bolti, yaani bolti zenye umbo la herufi U, zilizopakwa zinki, nazo zimekaza hadi leo. Hakikisha pia kwamba zinafungwa chini ya nguzo mbili ndefu za fremu na si kwenye kipande cha kukingama kinachobeba taa, maana mkia unapogusa ardhi, sehemu kubwa ya uzito wa boti hupitia hapo, na kipande hicho chembamba kitapinda.

Dosari iliyobaki ni bushi, yaani kile kibomba cha ndani ya rola kinachokaa juu ya pini. Rola huzunguka juu ya pini bila mahali pa kuingizia grisi, na baada ya mwezi wa pili rola ya kushoto ilikwama kwa kutu ikaanza kukwaruza kama chuma cha kawaida, hivyo ninalazimika kuzifungua kila mwezi, kuzisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuzipaka grisi kwa mkono. Kwa kitu kinachouzwa kwa watu wa bahari, hilo lilipaswa kufikiriwa tangu mwanzo.

Nililipa shilingi 8,500 za Kenya kwa rola, bamba na ufungaji. Ikiwa unashusha boti maji yakiwa yamejaa tu, huzihitaji; pima, shusha pua, na huenda ukamaliza hapo. Ikiwa unatoka baharini saa yoyote kama mimi, agiza zile pana, na uwaambie waweke nipeli za grisi, yaani vichuchu vya kuiingizia, kabla hawajakata bomba. Nimewaomba wafanye hivyo kwenye jozi yangu pia, nao wamekubali kuipokea wiki ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, nitakapokuwa nimeipandisha boti.